Mama asiongeze matone kwanza

Pole sana dada, wewe na mama. Mgongo unaouma miaka sita unachosha nyumba nzima. Umeuliza kama aongeze matone ya mafuta ya bangi aliyoandikiwa na daktari huko Leicester, Uingereza, kwa kuwa programu ya akili mnemba imemshauri hivyo. Naomba asiongeze.

Kinachonitia hofu ni ile warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, uliyoitaja mwishoni, kama jambo dogo. CBD, kemikali ya bangi isiyolevya iliyomo kwenye mafuta hayo, inaweza kulichelewesha ini kuivunja warfarini. Damu inazidi kuwa nyepesi, na mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila kujua. Je, programu ilielezwa kuhusu dawa hiyo? Leo hii apigie kliniki inayomfuatilia, awaambie anatumia mafuta, wampime INR, yaani muda ambao damu yake inachukua kuganda.

Programu yenyewe asiitupe. Aandike humo kila siku maumivu, usingizi, kizunguzungu na saa aliyomeza. Daktari akisoma kumbukumbu za mwezi mzima atapanga kipimo kwa uhakika zaidi. Ila ushahidi bado ni haba: mwaka 2019 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, haikupendekeza THC, kemikali ya bangi inayolevya, kwa maumivu sugu, na CBD ikaiachia majaribio ya kitabibu tu. Programu nayo inakisia kwa ushahidi huohuo.

Na akija Dar Desemba, chupa ibaki Leicester. Bangi hapa ni kosa la jinai. Amuulize daktari mapema atumie nini safarini.