Kabla hujalipia tena bima ya nyumba, usome mkataba wako

Juzi msomaji mmoja wa Kisumu, mwenye nyumba upande wa Mamboleo, aliniandikia: "Dada, bima ya nyumba inaisha mwezi huu. Wakala anasema nilipe kama mwaka jana. Mzee naye anaona hiyo ni pesa ya kutupa. Nifanyeje?" Nilimpigia simu tukaongea, lakini maneno hayakuniisha. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mmeshajenga, na wengine mko kwenye lenta mnasukumana na fundi. Basi tuzungumze.

Mimi naishi Kiamunyi, hapa Nakuru. Tulihamia nyumba ikiwa na vyumba vitatu na jiko dogo, na bima ikafunguliwa kwa thamani ya wakati huo. Miaka ikaenda. Tukaongeza vyumba viwili nyuma, jiko likapanuliwa, kabati za ukutani zikaingia, mabati yakatolewa tukaezeka vigae. Kila mwaka ujumbe wa kulipia ulikuja na thamani ileile ya zamani, na nyumbani kila mtu akaona sawa. Mimi sikuona sawa hata kidogo.

Jumamosi moja nikachukua daftari nikaingia chumba kimoja baada ya kingine. Watu wengi huandika runinga, friji na makochi wakadhani wamemaliza. Fungua kabati la nguo. Hesabu magodoro, mablanketi, mapazia, viatu vya watoto, sufuria, seti ya sahani unazotoa wageni wakija, cherehani, mtungi wa gesi. Jumlisha kwa bei ya dukani leo, uone kama hutaketi chini. Nilipiga picha kila kitu, hadi kile kibandiko cha namba nyuma ya friji, na risiti nikazituma kwenye barua pepe yangu ili zisiungue pamoja na vitu vyenyewe.

Kwa jengo, tulimwita mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Hapa ndipo watu wanapotea. Thamani ya bima ni gharama ya kuijenga nyumba upya, ikiwemo kubomoa kilichobaki, kuzoa kifusi na kumlipa mchoraji ramani. Bei ambayo ungeiuza haihusiki, maana ndani yake mna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Kumbukeni pia vyuma vya ujenzi vilivyopanda bei mwaka 2021 na 2022. Nyumba iliyokadiriwa kabla ya hapo inahitaji hesabu mpya.

Nilipopeleka thamani mpya, wakala wa wakati huo, simtaji, aliniambia, "Mama, unajiongezea gharama bure." Shemeji yangu naye akaniuliza mbele ya wageni kama nyumba ya mawe huungua. Wakacheka wote. Yaliniuma, na siwezi kusema yameisha. Nililipa hata hivyo, na nikadai nakala ya barua yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Mwaka uliofuata, stima ilipotea jioni ikarudi kwa kishindo. Moto ukaanzia kwenye soketi ya chumba kipya cha nyuma, ukaingia jikoni. Majirani walikuja na ndoo na mchanga. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Siku chache baadaye akaja mkadiriaji wa hasara, akasimama mlangoni pa jiko na futi kamba yake, masizi yametanda hadi darini, akauliza: "Hiki chumba kiliongezwa lini, na kampuni ilijua?" Nikampa ile barua. Akaisoma, akatazama muhuri, akaendelea kupima. Tulilipwa hasara yote isipokuwa ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Shemeji alikuja kuona ukarabati. Hakucheka.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukikatia bima nyumba ya milioni 6 kwa milioni 3, kampuni inakuchukua kama mtu aliyebeba nusu ya hatari mwenyewe. Jiko likiungua hasara ya laki 8, utapewa laki 4, na hapo bado hawajakata ile sehemu yako. Usidhani eti kwa kuwa laki 8 ni ndogo kuliko milioni 3 utalipwa yote. Kifungu hicho kimo kwenye mikataba mingi, na ndicho kilichomliza binamu yangu wa Kakamega, mtu aliyelipa kila mwaka bila kukosa.

Wazazi wenzangu, tunahangaika miaka na mkopo wa sako kununua mawe na saruji, halafu tunashindwa kusoma kurasa chache! Hiyo nyumba ndiyo jasho lako lote. Na kama unalipa mkopo wa benki, bima uliyokatiwa huko kwa kawaida inalinda jengo ili benki isipoteze. Makochi yako hayamo. Mpangaji naye ajue kuwa bima ya mwenye nyumba haigusi vitu vyake.

Ulizia mafuriko kwa jina. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likawafukuza watu majumbani, na hapa Nakuru ziwa letu pia limemeza mashamba na nyumba. Ulizia kudidimia kwa ardhi, maana sisi wa Bonde la Ufa nyufa tunazijua. Ulizia ghasia za kisiasa: waliochomewa nyumba 2007 na 2008 wako kati yetu, na mikataba mingi huitenga hatari hiyo mpaka uiongezee malipo. Laptopu na simu unazotoka nazo zina sehemu yake ya mkataba, na dada wa kazi naye ana yake, kwa sababu akiumia kazini sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2007, WIBA, inakudai wewe. Majibu yote yawe ya maandishi, na ukizungushwa, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya kudhibiti bima, IRA.

Na Disemba mkifunga nyumba kwenda mashambani, tazameni kwanza kifungu cha nyumba isiyokaliwa na mtu. Ikizidi siku zilizoandikwa, mara nyingi 30, wizi hulipwi. Mwombeni mtu alale humo, au mwandikieni wakala kabla ya kufunga lango.