Chipu ya pikapu ya dizeli ikisumbua, ichomoe kwanza

Kazi yangu hapa Texas ni kuvuta tela la magari kati ya Dallas na Houston. Ninatumia Ford F-250 ya mwaka 2000, ile yenye injini ya dizeli ya lita 7.3, V8 yenye turbo, ambayo Navistar waliitengeneza kwa ajili ya Ford hadi mwaka 2003. Nimeifungia chipu ya kuongeza nguvu, na safari hii nataka niwaeleze wenzangu wenye gari kama hili niliyojifunza, kwa sababu nilipoteza fedha nyingi kwa kuanzia mahali pasipo penyewe.

Chipu hii ni kibao kidogo kinachochomekwa kwenye kitako cha kompyuta ya injini. Ikishakaa, kompyuta huacha programu ya kiwandani na kusoma ile ya kwenye chipu. Kabini kuna swichi ya kuzungusha: ukitaka ya kiwandani unaiweka namba hii, ukitaka ya kuvutia tela unaiweka namba ile. Aliyeniandikia programu aliziandika mahsusi kwa gari langu, na wiki ya kwanza nilifurahi sana. Gari lilivuta kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona.

Wiki ya pili, nikiwa I-45, barabara kuu ya Dallas kwenda Houston, na magari mawili kwenye tela, injini ilizimika kama mtu kageuza ufunguo. Haikukohoa wala kutoa moshi. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, nikajikokota hadi pembeni huku malori yakinipita kwa kasi. Baada ya kama dakika kumi nikapiga starta, ikawaka vizuri, utadhani hakukuwa na kitu.

Nikabadilisha sensa ya kemshafti, ile inayoiambia kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake, kwa kuwa kwenye injini hii sensa hiyo ikifa gari huzimika vivyo hivyo. Gari likazimika tena. Nikamwandikia mwandishi wa programu kwa ukali ambao najutia mpaka leo. Akaniomba chipu kwa posta, akaipakia upya, akanirudishia. Likazimika mara ya tatu.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, mtu aliyeshika spana tangu Gerezani, Dar es Salaam. Nilimpigia simu nikiwa barabarani.

“Shemeji, ikizimika ukirudisha ufunguo, ile taa ya kusubiri hita inawaka?”

“Sijaangalia, shemeji.”

“Basi usipige starta. Geuza ufunguo tu, utazame dashibodi.”

Taa haikuwaka.

Hapo ndipo penye siri yote. Taa ile, inayokuambia usubiri hita za injini zipate moto kabla ya kupiga starta, huwashwa na kompyuta ya injini. Ikiwaka, ukapiga starta, injini ikazunguka lakini mshale wa mizunguko haunyanyuki, hapo una haki ya kuishuku sensa ya kemshafti. Isipowaka kabisa, kompyuta yenyewe haijaamka: ama fyuzi inayoilisha imekatika, ama haiwezi kuisoma chipu. Fyuzi yangu ilikuwa nzima. Nikafungua vichwa hasi vya betri zote mbili, nikachomoa chipu, nikaendesha siku nne bila chipu na gari halikuzimika hata mara moja. Kipimo hiki hakina gharama, na laiti ningekifanya siku ya kwanza.

Kosa lilikuwa langu, kwenye kusafisha kitako kabla ya kuchomeka chipu. Kompyuta ya gari hili iko upande wa dereva, nyuma ya pedali ya breki ya kuegeshea. Ukibandua kifuniko cha kitako chake unaona ukingo wa bodi wenye mistari ya chuma, na chipu inaung'ata ukingo huo. Mistari ile imepakwa vanishi angavu ya kuikinga na unyevu, juu na chini. Ni nyembamba kiasi kwamba jicho halikuambii kama ipo. Mimi nilikuwa nimepuliza dawa ya kusafishia umeme, nikafuta na kitambaa, nikajiridhisha. Vanishi haitoki hivyo. Chipu ilikuwa inagusa kwa kubahatisha. Gari likirukaruka barabarani, mguso unapotea.

Safari hii nilikata kipande cha ile pedi ya kijani ya kusugulia sufuria (usitumie steliwaya, nyuzi zake zitabaki ndani na kuunganisha mistari), nikasugua kutoka ndani kuja nje, taratibu, juu kisha chini. Nikafuta kwa kitambaa cheupe chenye spiriti. Kikatoka na alama ya kahawia. Nikasugua tena, nikafuta tena, na mara ya nne kitambaa kikatoka cheupe. Nikaacha pakauke kabisa ndipo nikachomeka, nikaufunga waya wa swichi mahali ambapo hauwezi kuivuta chipu.

Gari halijazimika tena. Lakini kwenye programu ya kuvutia tela lilikuwa bado linaishiwa nguvu mlimani, na hilo ni jambo jingine. Nozeli zinazopuliza dizeli kwenye injini hii husukumwa na oili yenye presha kubwa: oili ya psi 3,000 (psi ni kipimo cha presha) huibana dizeli kwa presha mara saba ya hiyo, hadi psi 21,000. Programu ya nguvu hudai oili zaidi, hivyo sensa iliyochoka, ambayo kwenye programu ya kiwandani ilikuwa inajificha, sasa inaumbuka. Nilichomoa plagi ya sensa ya presha ya oili nikaikuta imelowa oili ndani. Nikaiacha wazi nikaendesha. Kompyuta ikatumia kipimo chake cha akiba na gari likavuta vizuri zaidi. Sensa mpya ikamaliza kazi.

Ukiona gia zinaingia kwa kishindo, hapo ndipo urudi kwa mwandishi wa programu, lakini mpelekee msimbo wa kompyuta yako, ule wenye herufi na tarakimu ulio kwenye lebo, aina ya gia boksi na nozeli ulizonazo. Tafadhali pia, usivute mzigo kwa programu ya nguvu bila geji ya joto la ekzosi. Mimi ikikaribia nyuzi 1,250 za Farenhaiti, yaani kama 677 za Selsiasi, nainua mguu.

Kile kifuniko cha kitako cha kompyuta usikitupe. Changu kipo kwenye dashibodi pamoja na spana ya betri, ili siku nikilazimika kuichomoa chipu barabarani, mistari ile isibaki wazi kwa vumbi na maji hadi nifike nyumbani.