Mwanangu, Umeniuliza Kuhusu Kuhama Ligi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ilifika Jumanne, na mama yako aliisoma kabla yangu kama ilivyo desturi yake, kwa hiyo nilipoishika nilikuta amekwisha kuipigia mistari. Salamu tumezipokea. Mguu wangu unaendelea vizuri, na dada yako ameleta watoto mara mbili tangu ulipoondoka.

Umeniuliza jambo moja, tena umeliuliza vizuri. Chuo chenu kimealikwa kuacha ligi yake ya hoki ya barafu na kujiunga na nyingine yenye vyuo vyenye majina makubwa zaidi. Wewe umewekwa katika kamati kwa sababu ulikuwa golikipa kabla hujawa mtu wa ofisini. Na unataka kujua kama mimi, niliyeendesha basi la timu hapa Minnesota kwa miaka kumi na tisa, ningeondoka au ningebaki. Nimeanza kukujibu mara tatu, na mara zote tatu kalamu imekwenda upande mwingine, kwa wale watakaobaki mkishaondoka. Mama yako anasema huko ni kukwepa swali. Huenda ni kweli, lakini nivumilie.

Kwanza nitasema neno langu lilelile, na najua utacheka, maana umelisikia tangu ukiwa unang'oka meno ya utoto: ligi ni safari ambayo dereva anaweza kwenda na kurudi usiku uleule. Kutoka St. Paul hadi Northfield ni maili kama 40, hadi St. Peter 70, hadi Winona 110, na hadi Moorhead, kule mpakani na North Dakota, ni maili zipatazo 240. Moorhead ndiyo iliyokuwa mwisho wa dunia yetu. Mchezo ulianza saa moja usiku, ukaisha saa tatu na robo. Vijana wakaoga, wakala piza wamesimama, yale mabegi yanayonuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo yakaingia tumboni mwa basi, na saa nne na nusu tukawa barabarani. Saa nane usiku, kama theluji imetuhurumia, nilikuwa nawashusha mbele ya mabweni yao, na kesho yake jioni timu ileile ya Moorhead ikatufuata kwetu kwa mchezo wa marudiano. Ule usiku wa Fergus Falls, walipofunga milango ya barabara kuu namba 94 kwa sababu ya tufani, siuhesabu, na mama yako anausimulia vizuri kuliko mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoifahamu hoki ya vyuo vidogo, mimi ambaye barafu niliyokua nayo Tanga ni ile ya kuhifadhia samaki. Katika Daraja la Tatu, lile la chini kabisa kati ya madaraja matatu ya michezo ya vyuo Marekani, hakuna kijana anayelipiwa ada kwa sababu anajua kucheza. Nyuma yangu walikuwa wamelala wahasibu, walimu na wauguzi wa kesho, vitabu vya kemia vimewafunika nyuso, na kila mmoja alimjua kwa jina beki wa timu pinzani, kwa kuwa walicheza pamoja tangu utotoni.

Sasa nije kwenye mambo ya St. Thomas, ambayo najua ndiyo mfano mnaoujadili huko kwenye kamati. Ligi yetu, MIAC, ilianzishwa mwaka 1920, na St. Thomas, chuo cha hapahapa St. Paul, kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwezi Mei 2019 wenzake wakatangaza kwamba kitaondolewa bila hiari yake, na kwamba michezo yake ya mwisho katika ligi itakuwa ya majira ya machipuko ya 2021. Sababu waliyoitoa ilikuwa usawa wa ushindani. St. Thomas kilikuwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wapatao 6,000, ilhali wengi wa wenzake walikuwa na 2,000 au 3,000, na mwaka 2017 timu yake ya futiboli ya Kimarekani iliichapa St. Olaf 97 kwa 0. Matokeo kama hayo hayasahauliki katika kikao cha wakuu wa vyuo.

Lakini zingatia kwamba hayo yalikuwa ya futiboli. Katika hoki St. Thomas walikuwa wazuri, hilo silikatai, na walifika fainali ya taifa ya Daraja la Tatu mwaka 2000 na tena 2005, na mara zote mbili kombe likaenda Vermont. Hata hivyo walikuwa wanafungika. Augsburg waliwafunga. Hata sisi tuliwafunga, na unakumbuka jinsi nilivyorudi nyumbani usiku ule nikawaamsha nyote. Vijana wa hoki waliondolewa kwa kosa la vijana wa futiboli, na ukiniuliza ni lini hoki imewahi kuamua mambo yake yenyewe nchini humu, nitakuambia ni mara chache sana.

Nina jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Ilikuwa Januari 2020, msimu wa kwanza baada ya tangazo lile. Tulikwenda kucheza kwenye uwanja wao wa zamani wa Mendota Heights, uwanja mdogo, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka karakana ya mabasi. Wanafunzi wa chuo nilichokuwa nakibeba walijaa upande mmoja wa ukuta wa kioo, na kila mchezo uliposimama walikuwa wakiwapungia wenyeji mikono ya kwaheri, polepole, wote kwa pamoja, huku wakicheka. Nami nilikuwa nimesimama pale nyuma nikiwa na glovu zangu nene. Nikapunga. Sikulazimishwa na mtu. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi kwamba mkubwa naye ameambiwa aondoke.

Uwanjani pale palikuwa na mzee mmoja aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu. Kila mwaka, katika mapumziko ya pili, alikuwa akinijia na kikombe cha kahawa kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, na tulikuwa tukizungumza habari za injini, kwa sababu dereva na dereva hawakosi la kusema. Usiku ule alikuwa amesimama mlangoni mwa mashine yake akiniangalia. Alikuja na kahawa kama kawaida, akanipa, akaniuliza bila hasira yoyote, "Hata wewe?" Sikumjibu. Nilisema kahawa ni ya moto. Matokeo ya mchezo siyakumbuki kabisa, mimi ninayekumbuka hata magoli ya mechi za mazoezi.

Mimi ni mtu ambaye nimewahi kupokea barua iliyoandikwa kwa adabu kwamba sistahili kuendelea kukaa mahali. Unaijua barua yenyewe, na unajua mama yako aliificha wapi. Ningetegemewa kuliko mtu mwingine yeyote mle uwanjani kuweka mikono yangu mfukoni.

Haya, waliofukuzwa wakapata nini? Mwaka 2020 waliruhusiwa kuruka moja kwa moja kutoka Daraja la Tatu hadi la Kwanza, na timu yao ya hoki ya wanaume ikaingia CCHA, mojawapo ya ligi za daraja hilo. Msimu wa kwanza, wa 2021-22, walishinda michezo mitatu, wakapoteza 32, wakatoka sare mmoja. Nilikuwa nikisoma matokeo yale kila Jumapili nikijiambia kwamba ninawahurumia, na nusu ya huruma hiyo ilikuwa ya kweli. Badala ya Winona na St. Peter walikuwa sasa wanakwenda Sault Ste. Marie, takriban maili 500, na Bowling Green huko Ohio. Safari hizo dereva hawezi kwenda na kurudi usiku uleule. Kisha mwaka 2023 wakatangaziwa zawadi ya dola milioni 75 ya kujenga uwanja mpya ndani ya chuo, uwanja ukafunguliwa mwaka 2025, na mwaka 2026 wanaingia NCHC, ligi nyingine ya daraja hilo, meza moja na vyuo vikubwa vya Denver na North Dakota. Ile MIAC iliyowafukuza nayo haikufa, kwani St. Scholastica ya Duluth ilijiunga mwaka 2021, na Duluth ni maili 150, barabara nzuri.

Kwa hiyo kaka yako anaposema kwamba kila mtu alifaidika, tarakimu ziko upande wake. Ningemkubalia kabisa kama nisingejua CCHA hiyo ilivyozaliwa, na hapa ndipo ninapotaka kamati yenu itulie kidogo.

Mwaka 2010 tajiri mmoja, Terry Pegula, alikipa chuo kikuu cha Penn State zaidi ya dola milioni 80 ili kiwe na hoki ya Daraja la Kwanza. Kwa timu hiyo moja Big Ten, muungano wa michezo wa vyuo vikubwa, ikafikisha timu sita za hoki, na katika Daraja la Kwanza ligi inahitaji angalau timu sita ili bingwa wake apate nafasi ya moja kwa moja katika mashindano ya taifa. Ikaanzisha hoki yake mwaka 2013, ikachukua Minnesota na Wisconsin kutoka ligi ya WCHA, na Michigan, Michigan State na Ohio State kutoka CCHA ya zamani. Denver, North Dakota na wenzao hawakutaka kubaki na wadogo, wakaunda NCHC. CCHA ya zamani ikavunjika. Waliobaki bila pa kwenda wakakusanyika WCHA, ligi iliyokuwapo tangu 1951, wakawa kama ndugu waliokutana msibani. Mwaka 2019, mwaka uleule wa St. Thomas, saba kati yao wakatangaza kwamba nao wanaondoka, kwa kuwa walikuwa wamechoshwa na gharama na umbali, wakalifufua jina la CCHA. Wakabaki watatu: Fairbanks na Anchorage za Alaska, na Huntsville ya Alabama.

Watatu si sita. Huntsville, waliokuwa mabingwa wa taifa wa Daraja la Pili mwaka 1996 na 1998, walitafuta ligi ya kuwapokea wakakosa, na mwaka 2021 timu ikasimamishwa. Anchorage waliambiwa timu yao itakufa wasipochangisha dola milioni 3. Wakazichangisha, wakarudi barafuni msimu wa 2022-23 bila ligi yoyote. Fairbanks nao wakacheza bila ligi, na msimu huohuo walishinda michezo 22, nafasi ya mashindano ya taifa ikawaponyoka kidogo tu, kwa sababu asiye na ligi hana ubingwa wa kumpa nafasi hiyo.

Najua utakaloniambia, maana nimejiambia mwenyewe. Kama ligi ni safari ya kwenda na kurudi usiku uleule, basi wale saba walifanya haki. Walifuata kanuni yangu neno kwa neno. Hakuna dereva anayeweza kumpeleka mtu Alaska akamrudisha usiku uleule. Fairbanks na Anchorage zenyewe zinatenganishwa na maili kama 360. Kwa kanuni yangu Alaska haina haki ya kucheza na mtu yeyote, na sipendi kuona kanuni niliyokaa nayo miaka yote hii ikinifikisha hapo. Nimelitafakari jambo hili usiku mwingi na sijapata njia ya kulizunguka. Labda niseme kwamba umbali ni sababu nzuri ya kuunda ligi, ila si sababu nzuri ya kuivunja. Nikishasema hivyo namwona kaka yako akitabasamu, kwa sababu ukiyabana maneno hayo hayashiki maji.

Basi nirudi kwenu. Kaa na kalamu uhesabu timu zitakazobaki katika ligi mnayoiacha, na usihesabu zile zilizosema huenda zikaja. Tafuta ni nani kati yao aliye mbali kuliko wote, kwa kuwa huyo ndiye atakayeachwa baada yenu. Uliza ni mchezo upi unaoandika barua ya mwaliko, hoki au mwingine uliojificha nyuma yake. Kisha uende mwenyewe kwa gari, mwezi wa Januari, usiku, hadi kwa mwenzenu mpya aliye mbali zaidi, urudi. Usipelekwe na mtu. Ukifika nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri nitanyamaza.

Kuhusu uamuzi wenyewe, nilikuwa nimeandika neno moja hapa, nikalifuta, mama yako akaliona akasema niliache lilivyokuwa, nami nikalifuta tena. Mimi si mjumbe wa kamati, sijaona vitabu vyenu vya hesabu, na vijana wenu si wale niliowabeba. Wewe mwenyewe unanijua vya kutosha kubashiri neno hilo lilikuwa lipi. Nasema tu kwamba lilikuwa fupi.

Yule mzee wa mashine nilimtafuta miaka miwili baadaye, nikaambiwa amestaafu na kuhamia kwa binti yake. Mkishaamua, kwa vyovyote mtakavyoamua, nipigie simu kabla magazeti hayajaandika.

Wako,
Baba