Sentensi ya mtoto wa darasa la tano: kukaripia, kuonya na ndugu zao

Dada, nimeisoma sentensi ya kijana wako. Aliambiwa atunge sentensi kwa neno "karipia", akaandika: "Mama alinikaripia nisicheze barabarani." Mwalimu akamkosesha, na wewe unauliza kosa liko wapi, maana sarufi imenyooka. Waliotangulia kukujibu wanasema mwalimu kakurupuka, kwamba karipia na onya ni mapacha. Mimi niko upande wa mwalimu, ingawa ningekuwa nasahihisha mimi, mtoto angeondoka na nusu alama yake.

Shida ni hilo "nisicheze". Mtoto hajacheza bado, mama anamzuia. Hapo Kiswahili kinataka "alinionya nisicheze" au, kwa watu wa Pwani, "alinikanya". Karipio linataka kosa liwe limeshatendeka: "Mama alinikaripia kwa kucheza barabarani." Ukifungua kamusi utakuta karipia imeelezwa kwa kemea, kemea kwa gombeza, halafu gombeza inakurudisha kwenye karipia. Kwa hiyo simlaumu aliyechanganya. Mimi mwenyewe nilichanganya, na nikafundishwa kwa aibu.

Nilikuwa na miaka 26, karani kwenye ghala la vifaa vya ujenzi Tanga mjini. Mtunza stoo wetu alikuwa mzee wa Pangani, anakaribia sitini, mtu wa kanzu kila Ijumaa. Mara mbili alirudi nyumbani na funguo za ghala mfukoni, na mara ya pili lori la saruji lilisimama nje mpaka saa nne asubuhi. Meneja akaniambia, "Mwandikie barua." Hakusema barua ya nini. Nami kwa kupenda maneno mazito nikachapa: "Kwa barua hii unakaripiwa vikali kwa kitendo chako cha kuondoka na funguo." Meneja akasaini bila kusoma.

Mzee aliisoma amesimama, miwani puani, midomo inacheza. Kisha akaja mezani kwangu.

"Mwanangu, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Asubuhi umenipa shikamoo. Mchana unanikaripia?"

Nikakosa pa kuangalia. Akaiweka barua juu ya mashine ya kuchapia, taratibu, bila kuikunja. "Kosa langu nalijua. Nionye, nitasaini. Kunikaripia alikuwa ananikaripia marehemu baba. Na hii karatasi hainionyeshi kitu, inanipigia kelele tu."

Nikachapa upya: "Unaonywa kwamba ukiondoka tena na funguo za ghala, utapewa onyo la mwisho." Akaniazima kalamu, akasaini, akanirudishia na kifuniko chake. Lakini wiki nzima alinipita bila utani wake wa kawaida, na hilo liliniuma kuliko angenifokea.

Miaka imepita ndipo nikagundua kwamba alichosema kuhusu kuonyesha kimo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili kina njia ya zamani ya kutendesha, ile inayotoa ponya kwenye pona, levya kwenye lewa, ogofya kwenye ogopa. Kwa njia hiyohiyo ona imezaa onya, na kana imezaa kanya. Kumwonya mtu, kwa asili, ni kumfanya aone. (Ndiyo maana hata ule ubishi wa "onesha" na "onyesha" hauishi humu, lakini tusiufungue leo.) Sikiliza pia mama aliyechoka kuonya anavyosema: "Utaona leo!" Au "utakiona cha mtema kuni." Alikuonya ukakataa kuona kwa maneno, sasa utaona kwa fimbo.

Ndiyo maana onyo zuri lina "uki-" au "usi-" ndani yake, au angalau lina kitu kinachosubiri mbele. Kadi ya njano ni onyo kwa sababu mfukoni mwa mwamuzi ipo nyekundu. Pakiti ya sigara imeandikwa ONYO kwa kuwa ugonjwa uko mbele ya mvutaji. Ila si kila hatari iliyo mbele huitwa onyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikiona mvua kubwa inakuja hutoa angalizo, ikizidi tahadhari, ikizidi zaidi tahadhari kubwa. Haituonyi, na ni sawa, maana sisi hatujakosa kitu. Onyo linabeba harufu ya kosa, tahadhari haina. Ukimwambia mgeni wako "nakuonya, ngazi zinateleza", atashangaa amekukosea nini. Mwambie "angalia, ngazi zinateleza", yatosha.

Karipio nalo lina ngazi zake, na hapo ndipo nilipojikwaa. Linashuka, halipandi. Mzazi kwa mtoto, mwalimu kwa mwanafunzi, kikao kwa mwanachama. Februari 2020 Kamati Kuu ya CCM, chama tawala cha Tanzania, ilipomfukuza uanachama Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje, Abdulrahman Kinana, katibu mkuu wa zamani wa chama hicho, alipewa karipio, na hakuna aliyeona neno hilo ni geni kwa mtu wa hadhi yake, kwa kuwa lilitoka kwenye kikao kilicho juu yake. Lingetoka kwa karani lingekuwa utovu wa adabu. Mdogo akitaka kumrekebisha mkubwa ana maneno yake: anamkumbusha, anamshauri, akizidiwa sana anamnasihi. "Nimemkaripia baba" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini isome kwa sauti mbele ya bibi yako uone.

Waliouliza tofauti ya kemea: kemea ni kufukuza kwa sauti. Unamkemea paka aliyeingia jikoni, mchungaji anakemea pepo, viongozi wanakemea rushwa. Katika Biblia Yesu aliukemea upepo na bahari vikatulia. Ajaribu mtu "aliuonya upepo" asikie masikio yanavyokataa. Kemea haihitaji anayekemewa awe na akili ya kusikia hoja, inataka tu aondoke au aache.

Gombeza ni neno la nyumbani, halina makali sana. Mtoto anagombezwa kwa kumwaga uji, dakika tano baadaye yuko mapajani.

Foka hapa jukwaani tunaiharibu kila siku. Kinachofoka ni maji ya chungu kilichozidi moto, yanapanda na kumwagika. Mtu naye hufoka peke yake. Ukitaka kumwingiza anayefokewa lazima uongeze -ea: "bosi alinifokea mbele ya wateja". "Alinifoka" naiona sana humu, na kila nikiiona namwazia bosi kama sufuria. Karipia yenyewe haina shida hiyo, ile -ia imeshakaa ndani yake. Usiandike "alinikaripa".

Kusuta ni jambo zito zaidi, nisingemshauri mtoto wa darasa la tano aligusie. Kwetu Pwani mtu husutwa kwa uongo au umbea aliousambaza, tena kwa ushahidi na mashahidi, na enzi hizo wanawake walikwenda mlangoni kwake kwa ngoma na tarumbeta. Mtu aliwahi kusutwa mtaani kwetu nikiwa mdogo. Nakumbuka dirisha lake lilifungwa siku tatu, na nguo zake zikabaki kwenye kamba zikinyeshewa. Hakukuwa na onyo wala karipio pale. Yaliwekwa wazi maneno yake mwenyewe mbele ya watu, basi.

Kwa kijana wako, hizi azinakili kwenye daftari, nimejaribu kuziweka kwenye mambo anayoyajua:

Mwalimu alimkaripia Juma kwa kuchelewa mstarini.
Baba alitukaripia tulipoacha bomba wazi usiku kucha.
Wanafunzi waliokaripiwa jana leo wamewahi.
Mama alinionya nisicheze barabarani, sikusikia, akanikaripia nilipochubuka goti.

Hiyo ya mwisho ndiyo sentensi yake mwenyewe, nimeiongezea mkia tu. Mwambie ampelekee mwalimu aombe ile nusu alama. Na wewe dada ukiongozana naye, muulize mwalimu kwa upole. Usiende kumkaripia.