Kibao cha Ndia Kuu

Swali la wiki hii: "Safari gani fupi ilikufunza jambo ambalo darasani hukulipata?"

Yangu ni ya Mombasa, siku za Pasaka iliyopita. Tulikuwa wasichana wanne wa chuo kimoja hapa Unguja, sote tunasomea ualimu wa Kiswahili. Mimi kwetu Wete, Pemba, mmoja kwao Makunduchi, wawili wamezaliwa mjini, Ng'ambo. Tulikuwa tukiweka pesa kidogo kidogo tangu Januari. Alhamisi jioni tukapanda boti hadi Dar, tukalala kwa shangazi yangu, na alfajiri ya Ijumaa Kuu tukaingia kwenye basi. Horohoro tukagongewa pasi, tukavuka Lungalunga, na jua lilipokuwa linakuchwa tulikuwa Likoni, tumebanana ndani ya feri na watu na mikokoteni.

Jumamosi asubuhi tukaenda Ngomeni, ile Fort Jesus. Habari zake nilikuwa nimezisoma: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu hadi wakaitwaa mwaka 1698, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu yake mpaka 1963. Tulitembea juu ya kuta, tukapiga picha na mizinga. Ni pazuri, sikatai. Lakini ninalotaka kulieleza lilianza tulipotoka na kuingia Mji wa Kale.

Kulikuwa na kibao cha barabara kimeandikwa Ndia Kuu. Mwenzetu mmoja wa mjini akasimama, akakisoma kwa sauti, akaangua kicheko. "Yakhe, tazameni! Hata njia wameshindwa kuiandika!" Akatoa simu akipige picha. Na mimi nikacheka. Nalisema hili kwa sababu linaniuma hadi leo: nilicheka mimi, niliyefika dahalia nikachekwa kwa lafudhi yangu ya Kipemba hadi nikajifunza kuificha.

Hatua chache mbele, bibi mmoja alikuwa amekaa barazani na karai lake, anakaanga viazi. Alikuwa akichovya viazi vilivyochemshwa kwenye rojo la unga lenye rangi ya manjano, akivitumbukiza kimoja kimoja kwenye mafuta, na vikishaiva anavipasua katikati na kuvimiminia ukwaju na pilipili. Mikono yake haikutulia hata mara moja, lakini macho yalikuwa kwetu.

"Ndooni, wanangu, ndooni mkae."

Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu peke yake. Kisha akauliza:

"Mbona mwateka?"

Tukatazamana. Kuteka nini, maji? Wanafunzi wanne wa Kiswahili, mwaka wa pili chuoni, na hakuna aliyejibu. Akaelekeza kidole kule kwenye kibao, ndipo tukafahamu kuwa anatuuliza mbona tunacheka. Hakukasirika. Alitueleza kwa upole kwamba Mombasa wao husema ndia, husema mato kwa macho, husema kuteka, na kile kibao kimeandikwa kama wenyewe wanavyopaita.

Tuliona haya, wallahi. Na haya yangu ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu jambo lile nililijua. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba mwaka 1928 wawakilishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana, wakakubaliana lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kabla ya hapo wamishonari walikuwa wamegawanyika: Krapf na wenzake wa Mombasa wakikitetea Kimvita, lahaja ya huko, Steere na wenzake wa Zanzibar wakikitetea Kiunguja. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani nikalijibu vizuri sana. Lakini moyoni nilikuwa nimeliweka kama habari ya mashindano, kana kwamba Kiunguja kilishinda kwa kuwa ndicho sahihi. Kumbe sababu kubwa ni kwamba kilikuwa kimeshasambaa bara pamoja na misafara ya biashara iliyotokea Zanzibar. Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa! Mji wa Muyaka bin Haji, aliyekuwa akitunga mashairi yake kwa Kimvita hichi hichi kabla Krapf hajatia mguu pale mwaka 1844.

Mwenzetu wa Makunduchi alikuwa kimya muda wote ule. Usiku, tulipozima taa, akaanza kututajia maneno ya Kikae, ya kwao, moja baada ya jingine. Miaka miwili tunalala chumba kimoja naye, na hakuwahi kututamkia hata moja. Tulimuuliza maana, tukamwomba arudie, hadi tukasikia adhana ya alfajiri.

Skuli ya msingi nilikuwa na mwalimu aliyekuwa akiyakata kwa wino mwekundu maneno niliyoyatoa kwa bibi yangu. Mwakani nakwenda mazoezi ya kufundisha. Mtoto akiniandikia neno la kwao, nitamwandikia la sanifu pembeni, maana mtihanini atalihitaji. Lake sitalikata.

Jumapili, kabla ya kuanza safari ya kurudi, nilikwenda tena kwa yule bibi wa viazi. Nilimpigia bibi yangu Wete kwa WhatsApp, nikamwambia niko Mombasa na nimekaa na mtu ninayetaka amsikie, nikampa yule mama simu. Bibi yangu huniambia kila mara, "Siku hizi wasema kama redio." Sasa nilimsikia akicheka, sauti imejaa simu nzima. Waliulizana watoto, wakaulizana bei ya samaki, wakazungumzia majahazi yaliyokuwa yakitoka Wete kwenda Mombasa enzi za ujana wao. Mmoja alikuwa Pemba na mwengine Ndia Kuu, na sikusikia hata mara moja mmoja akimwambia mwenzake arudie neno. Viazi vilipoa sahanini. Wenzangu walikuwa wakinionyesha saa, na mimi sikuthubutu kuiomba simu.

Bando likakata lenyewe. Yule mama akaifuta simu kwa ncha ya leso yake, akanirudishia.

"Bibiyo asema umpelekee mabuyu," akaniambia, "na ukifika kwake, useme naye kama mtu wa kwenu."