Dobson na kalenda ya baba yake

James Dobson, mwanasaikolojia wa watoto wa Marekani, alifariki tarehe 21 Agosti 2025 akiwa na miaka 89. Zilibaki siku sita tu yeye na mkewe Shirley watimize miaka 65 ya ndoa. Kwenye makundi ya WhatsApp ya washauri wa ndoa niliyomo, mjadala ulichemka siku hiyohiyo. Hawa wanamwita baba wa familia za Kikristo, wale wanakumbusha siasa zake za kihafidhina na ruhusa yake ya kuchapa watoto kwa fimbo. Mimi naendesha semina za ndoa, na mafundisho yake nimeyatumia miaka mingi, kwa hiyo pande zote mbili nazielewa. Lakini jambo la Dobson lililonifaa kuliko yote wala si lake. Ni la baba yake.

Mzee huyo alikuwa mwinjilisti wa kuzunguka wa Kanisa la Mnazareti, na ratiba yake ilikuwa imejaa kwa miaka kadhaa mbele. Dobson alipofika miaka 16 akaanza ukaidi, akawa anampanda mama yake kichwani. Mama akampigia mumewe simu, akamwambia anamhitaji. Mume hakuahidi kuliombea jambo hilo kwanza. Alifuta mialiko, akauza nyumba, akapokea uchungaji huko San Benito, kusini kabisa mwa Texas, akakaa na kijana wake mpaka akamaliza sekondari. Anayejua maisha ya wainjilisti anajua kwamba hapo mtu anakata riziki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Basi mtoto alikua, akasomea saikolojia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Southern California, akafanya kazi katika hospitali ya watoto ya Los Angeles. Kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu nidhamu ya watoto kikampa jina, na mialiko ikamiminika kama ilivyokuwa kwa baba. Hapo mzee akamwandikia barua kumwonya kwamba akishindwa kuwalea wanawe katika imani, mafanikio ya kazi yatapauka. Dobson akapunguza safari. Mwaka 1977 akaanzisha Focus on the Family, shirika la Kikristo la kusaidia familia, na sauti yake ikawafikia watu kwa redio. Nawaambia vijana wanaotaka kuwa wanenaji: kwanza tafuteni namna ya kufanya kazi hiyo inayowaacha mlale nyumbani.

Nyumbani kwetu Morogoro tunafanya hivi. Kalenda ya mwaka tunaijaza Desemba, kabla barua za mialiko hazijaanza kuingia, na kalamu anashika mke wangu. Zinaanza siku za wazazi shuleni, kufunga shule, kipaimara, safari ya kwa babu. Semina zinapewa nafasi zilizobaki. Kuandika ni rahisi. Ugumu ni kumkatalia mchungaji. Anapiga mwenyewe: "Mzee, Bwana amesema nasi juu yako." Utajibu nini hapo?

Usijibu kwenye simu. Mwambie utazungumza na mama watoto, na uzungumze naye kweli. Ukimrudia na jibu la hapana, mpe jina la mnenaji mwingine na namba yake, maana mwenyeji hana shida na wewe, ana shida na Jumamosi isiyo na mnenaji. Usisingizie ugonjwa. Morogoro ni ndogo, mtaonana sokoni kesho yake. Na ukishabaki nyumbani, simu ikae kabatini. Nimewaona wanaume wanaosifiwa kwa kushinda nyumbani, kumbe wameshinda kwenye kundi la kamati ya ujenzi.

Kwenye fimbo ndipo ninapoachana na Dobson. Aliruhusu kuchapa, ila aliweka mipaka: mtoto mchanga asichapwe kabisa, wala mzazi asiyeweza kuzuia hasira zake asiguse fimbo. Huku kwetu wengi walichukua ruhusa, mipaka wakaiacha hukohuko. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2018, na chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo mwaka 2019, vyote vilipinga adhabu ya kuchapa. Katika semina zangu nawaambia wazazi wazi kwamba fimbo siifundishi. Wapo wanaonisomea Mithali. Nawasikiliza, kisha tunarudi kwenye ile tabia aliyonayo huyo mtoto na ni lini ilianza.

Siasa zake nazipita. Zilikuwa za kwao, na wenyewe wanagombana nazo hadi leo.

Nisichotaka kipotee ni kwamba aliomba na bado alisoma. Watu wa kanisani kwetu walikuwa wakisikia "mwanasaikolojia" wanafikiria mtu asiyeamini. Kuwatajia muumini aliyefanya kazi miaka mingi hospitalini na bado akapiga magoti kulifungua milango. Mzazi akija na binti aliyeacha kula na kuongea, naomba naye, kisha namwelekeza hospitali ya mkoa, na nikiweza nawasindikiza. Anayehisi aibu namwambia hata presha tunaiombea na vidonge tunameza.

Halafu kuna suala la kuasili mtoto. Dobson na Shirley walimzaa Danae, wakamwasili Ryan, na hilo hawakulificha. Kwetu bado linanong'onwa. Kama mnafikiria kuasili, anzieni kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Msipokezane mtoto kienyeji kwa makubaliano ya ukoo, karatasi zitawasumbua akianza shule. Na mtoto mwambieni ninyi wenyewe, mapema, kwa maneno ya umri wake, na kila anapouliza tena mjibuni tena. Msipomwambia, shangazi mmoja atamwambia msibani, tena mbele ya watu.