Mbwa wa Kilo Tano Hapimiwi Dawa kwa Kifuniko

Njugu aliletwa kwangu ndani ya boksi la biskuti. Mama yake ni mbwa wa kienyeji wa hapa Kihonda, Morogoro. Baba yake ni kile kimbwa cheupe chenye manyoya mengi ambacho watu hufuga ndani. Akachukua masikio ya mama na manyoya ya baba, na hata alipokomaa hakuzidi kilo tano. Majirani wakaniambia chotara hasumbui, damu ya kienyeji ni ngumu. Nikaamini, na imani hiyo nusura imuue.

Ilikuwa mwisho wa masika, kupe wamemjaa masikioni na katikati ya vidole. Nikaenda duka la pembejeo, muuzaji akanipa amitrazi, dawa ileile wanayoogeshea ng'ombe, akasema tia vifuniko viwili kwenye ndoo. Nikamwogesha asubuhi. Kufika adhuhuri anayumba, mate yanamchuruzika, hawezi kuinua kichwa. Nilipomshika tumbo lilikuwa la baridi, wakati mbwa mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39, kutuzidi sisi. Nikamsuuza kwa sabuni na maji mengi ya uvuguvugu, nikamfunga khanga, nikapanda bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo.

Kabla hata hajamgusa, daktari aliniuliza, "Dada, huyu ana kilo ngapi?" Nikakosa jibu.

Njugu alipona, na tangu siku hiyo namnunulia dawa kwa uzito wake. Ya kupe, ya minyoo, ya homa, zote zinahesabiwa kwa kilo. Muuzaji asiyekuuliza uzito, usichukue dawa yake. Kumpima ni rahisi: panda kwenye mizani peke yako, kisha panda ukiwa umempakata, utoe namba ya kwanza kwenye ya pili. Fanya hivyo kila mwezi na uandike kwenye kadi yake ya chanjo. Mbwa wa kilo tano akipungua nusu kilo amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo saba. Chini ya manyoya yale hutaona kwa macho.

Sasa nirudi kwa kupe, maana kwa mazingira yetu hakuna kinachomaliza mbwa wadogo kimyakimya kama wao. Kupe wa mbwa haishi porini tu. Anaishi humo humo ndani, kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya kitanda, chini ya zulia, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ukimtibu mbwa ukaacha nyufa, baada ya wiki chache unaanza upya. Mimi niliziba nyufa za chumba kizima kwa saruji, na matandiko ya Njugu nayafua kwa maji ya moto kila wiki.

Kupe huyo huacha vijidudu kwenye damu. Ugonjwa mmoja unaoletwa na vijidudu hivyo, madaktari wanauita ehrlichiosis, unaweza kujificha miezi mingi. Njugu alianza kwa kususia chakula na kulala mchana kutwa. Nikafunua mdomo: fizi ambazo huwa za waridi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Wengine hutokwa damu puani, au madoa madogo mekundu tumboni. Akapimwa damu, akapewa doksisaiklini ya siku 28. Siku ya tano alikuwa anakimbiza kuku, na hapo ndipo wengi tunaacha dawa. Tafadhali maliza zote. Mpe pamoja na chakula, ila usimpe na maziwa, kwa sababu maziwa huzuia dawa hiyo kufanya kazi. Jifunze rangi ya fizi za mbwa wako akiwa mzima, ili siku zikibadilika uone mapema.

Chakula nacho kilinitesa. Nilikuwa nampa ugali na mchuzi uliobaki, bila kujua kwamba vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Mbwa mkubwa anaweza kustahimili kidogo. Huyu ambaye kupe wameshamla damu hana cha kupoteza. Siku hizi namchemshia wali au ugali na dagaa waliooshwa hadi chumvi ikatoka, maini kidogo, karoti au maboga, kabla sijaunga chochote. Unga ulioota ukungu usimpe kwa kisingizio kwamba ni wa mbwa. Sumukuvu inaua ini lake. Mifupa ya kuku iliyopikwa, chokoleti na vidonge vyetu vya maumivu navyo viwe mbali naye.

Chanjo sitazirefusha. Parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, huanza kuchanjwa mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huanza miezi mitatu, kisha ufuate tarehe za kurudia kwenye kadi. Usiseme "huyu anakaa ndani", mlango huwa wazi siku moja. Ulizia chanjo ya serikali karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kuna mambo ya udogo wenyewe. Koo lake ni laini, kamba ya shingoni ikivutwa humfanya akohoe, kwa hiyo mfunge mkanda wa kifuani. Akikimbia huku amekunja mguu mmoja wa nyuma, kisha akaendelea kama kawaida, onyesha daktari: pia ya goti inateleza. Na meno. Mdomo mdogo hubana meno, mengine ya utotoni hayang'oki, uchafu unakwama, fizi zinaoza. Njugu alifikisha miezi minane akiwa na chonge mbili upande mmoja, ya utotoni ikang'olewa. Sasa jioni tukishakula namsugua meno kwa kitambaa laini nilichokizungushia kidole, bila dawa yetu ya meno kwa kuwa yeye hatemi. Mwanzoni alining'ata. Sasa akiona kitambaa anakuja mwenyewe na kukaa.